Haja ya Mji Huhesabiwa Nyumba kwa Nyumba

Mama mwenye busara hangoji wageni wafike mlangoni ndipo aulize unga uliobaki. Tangu asubuhi huhesabu vichwa: watoto ni wangapi, nani amesafiri, nani atarudi na rafiki yake kutoka shule. Hupima unga, hutazama makaa, hutia akilini hata mvua. Asipofanya hivyo, moja katika mambo mawili litampata: ama chakula kitapungua na mtu atalala njaa, ama kitabaki na kuchacha, na fedha ya nyumba itakuwa imetupwa.

Wasomaji wapendwa, wakuu wa miji mikubwa ya dunia hufanya kazi iyo hiyo kwa ajili ya umeme. Yawapasa kukisia mapema nyumba za mji zitahitaji nguvu kiasi gani kesho, na mwaka ujao, na hata miaka ishirini ijayo. Nasi tulio Kongo, tuliozoea zamu za giza ziitwazo delestaji, tuna sababu njema ya kutaka kuijua kazi hiyo. Tumechagua kuwaeleza habari za New York, mji wenye watu wengi kuliko yote ya Marekani. Mji huo umefanya hesabu ya umeme kwa muda mrefu, umefaulu katika mengi, tena umeumizwa mara kadhaa na upungufu wa hesabu hiyo.

Ghala la Yusufu na waya wa umeme

Mnajua habari za Yusufu mwana wa Yakobo. Alipoifahamu maana ya ndoto za Farao, alijenga ghala, akaweka nafaka ya miaka saba ya shibe kwa ajili ya miaka saba ya njaa. Huyo alikuwa mkadiriaji hodari: alijua yatakayokuja, akapima, akaweka akiba.

Lakini umeme haukubali kwa urahisi kuwekwa ghalani. Betri kubwa zipo, nazo zaongezeka mwaka kwa mwaka. Walakini hata leo sehemu kubwa ya umeme wa mji hufuliwa katika dakika ile ile unapotumiwa. Mtu mmoja awashapo pasi, mtambo ulio mbali sana lazima uongeze nguvu papo hapo. Mzigo ukizidi uwezo wa waya, vyombo vya ulinzi huukata waya huo ili usiungue. Mzigo wake huhamia waya nyingine, nazo huzidiwa na kukatika, na hivyo mji mzima waweza kuingia gizani.

Hayo yaliupata New York usiku wa tarehe 13 Julai 1977. Radi ilipiga waya kubwa kaskazini ya mji, zikatoka kazini moja baada ya nyingine. Wasimamizi walichelewa kupunguza mzigo, na kama saa tatu na nusu ya usiku karibu mji wote ukazimika. Umeme ulirudi pote usiku wa siku ya pili. Katikati ya saa hizo maduka zaidi ya 1,600 yaliporwa au kuharibiwa, mioto zaidi ya 1,000 ikawaka, na watu zaidi ya 3,000 wakakamatwa. Kisa hicho kilianzishwa na radi, wala hatusemi kwamba hesabu mbaya ndiyo iliyokileta. Lakini kilifunua jambo moja: katika mji mkubwa umeme si anasa. Maji ya ghorofani, lifti za wagonjwa, taa za njiani, hata usalama wa mali, vyote vimening’inia katika waya ule ule.

Kutoka taa mia nne

Thomas Edison alipowasha kituo chake cha umeme katika njia ya Pearl Street, New York, tarehe 4 Septemba 1882, kukisia haja ya wateja kulikuwa kazi nyepesi. Taa zilikuwa mia nne hivi, na wateja hawakufika mia moja. Karani mmoja angeweza kuwazungukia wote na kuwauliza watawasha taa ngapi jioni.

Leo mambo ni mengine kabisa. Hesabu ya watu ya mwaka 2020 ilikuta New York watu 8,804,190, na majumba yake yapita milioni moja. Humo mna maghorofa ya ofisi, shule, hospitali, makanisa, maduka, na vyumba vya kupanga vilivyobanana. Siku ya Ijumaa, tarehe 19 Julai 2013, saa kumi na moja ya jioni, joto kali likiwa limekaa siku nyingi, mji huo pamoja na wilaya jirani ya Westchester ulivuta megawati 13,322 kwa wakati mmoja. Kampuni ya Con Edison, iliyoirithi kazi ya Edison, haikuwa imepata kuona kilele kama hicho.

Tukitaka kuufahamu ukubwa wake, tuyafikiri mabwawa yetu ya Inga. Inga ya kwanza, iliyofunguliwa mwaka 1972, na Inga ya pili, ya mwaka 1982, zilijengwa ziweze kutoa megawati 1,775 kwa jumla, mitambo yote ikiwa mizima. Jioni ile ya Ijumaa ilidai mara saba ya kiasi hicho na zaidi. Na jambo la kustaajabisha ni hili: siku moja kabla yake, wahesabu walikuwa wameketi mezani wakiandika watu wa New York watahitaji kiasi gani kesho yake, saa kwa saa.

Kuta hunywa joto

Hufanyaje? Kitu cha kwanza wanachotazama ni hewa. Wakati wa kiangazi, mashine za kupoza hewa ndizo zilazo umeme mwingi kuliko vyombo vingine vya nyumbani. Lakini wahesabu hawaangalii joto la leo peke yake. Con Edison huchanganya joto na unyevu wa hewa wa siku tatu: siku yenyewe hupewa sehemu 70 katika mia, jana sehemu 20, na juzi sehemu 10.

Kwa nini juzi nayo ihesabiwe? Kila mtu aliyepata kulala katika nyumba ya matofali baada ya jua kali aweza kujibu. Kuta hunywa joto polepole na kulitoa polepole. Siku ya kwanza nyumba ingali na ubaridi wa usiku. Siku ya tatu kuta zenyewe zimekuwa kama tanuru, na mtu aliyevumilia siku mbili kwa kuogopa gharama hushindwa, akawasha mashine yake. Kwa hiyo joto lile lile la hewa huvuta umeme mwingi zaidi siku ya tatu kuliko siku ya kwanza.

Kitu cha pili ni kalenda. Jumapili ofisi nyingi zimefungwa. Siku ya Noeli watu wako nyumbani wakipika. Shule zikifungwa, madarasa hayadai kitu. Kitu cha tatu ni saa: alfajiri mji hulala, asubuhi huamka pamoja na lifti zake, jioni watu hurudi nyumbani na kuwasha taa na majiko.

Zamani wakubwa wa kazi walifanya hesabu hizo kwa kalamu na kwa mazoea. Siku hizi kompyuta hulishwa habari za miaka mingi, nazo hutafuta uhusiano kati ya joto, saa, siku na umeme uliotumika, kisha hutoa kisio la kila saa. Ni vyombo vya ajabu. Lakini kompyuta hujua yale tu yaliyokwisha kutokea na kuandikwa. Wasomaji walishike neno hilo, maana tutalirudia.

Fumbo la pasi kumi

Samuel Insull, Mwingereza aliyekuwa katibu wa Edison huko New York, alihamia mji wa Chicago mwaka 1892 akaongoza kampuni ya umeme. Huko alifundisha jambo ambalo watu wa umeme hulishika hata leo: haja ya wengi pamoja ni ndogo kuliko jumla ya haja za kila mmoja peke yake.

Ninyi wanafunzi, jaribuni mfano huu. Mtaa una nyumba kumi, kila nyumba ina pasi moja, na kila pasi yadai kilowati moja. Asiyefikiri atajenga mtambo wa kilowati kumi. Mwenye kufikiri atauliza kwanza: je, akina mama hawa hupiga pasi kwa saa moja? Mmoja hupiga Jumamosi mchana, mwingine Jumapili mapema kabla ya Misa, mwingine kila jioni kwa ajili ya sare za watoto. Ikiwa pasi tatu tu huwaka pamoja, mtambo wa kilowati nne watosha, na akiba yabaki. Kwa sababu hiyo, mtambo mmoja unaowatumikia wengi wenye saa mbalimbali hugharimu kidogo kuliko kila mtu kuwa na wake.

Lakini fumbo hilo lina upande wa pili, nao watuhusu sana. Tuseme mtaa ule umekatiwa umeme siku nzima, nao warudi saa moja ya jioni. Hapo mama wote kumi watawasha pasi zao pamoja, kwa kuwa hakuna ajuaye utakatwa tena saa ngapi. Friji zote zilizopoteza ubaridi zitavuta umeme kwa wakati mmoja, na simu zote zitatiwa katika waya. Mtambo wa kilowati nne utazidiwa, na giza litarudi. Basi ukosefu wa umeme huzaa ukosefu mwingine. Mahali watu wanapouamini umeme, hawaugombanii. Mahali wasipouamini, wote huukimbilia saa moja, na hesabu ya Insull huvunjika.

Jumla haitoshi

Katika mji mkubwa jumla yaweza kuwa sawa, na hata hivyo mtaa mmoja ukateseka. Waya za New York zimegawanywa katika mitandao zaidi ya sitini. Kila mtandao una waya zake chini ya ardhi, una kilele chake, na una saa yake. Katikati ya Manhattan, penye ofisi, kilele huja mchana. Katika mitaa ya watu wanaorudi kazini jioni, huja usiku. Mwenye kukisia mji wote kama kitu kimoja hataziona tofauti hizo.

Mwezi wa Julai 2006, mitaa ya kaskazini-magharibi ya Queens, kama vile Astoria, Sunnyside na Woodside, ilikosa umeme, na wakaaji wengine walikaa gizani zaidi ya juma zima. Mitambo ya kufua umeme haikupungukiwa. Zilizoharibika, moja baada ya moja, katika joto kali, ni waya za mtandao mmoja tu. Mwanzo kampuni ilikisia idadi ya wateja walio gizani kwa kufuata simu zilizopigwa, ikapata idadi ndogo. Kisha watumishi wakatumwa kupita mtaa kwa mtaa wakihesabu majumba yasiyo na mwanga. Ndipo ilipojulikana ya kwamba wateja wapata 25,000, yaani watu wapata 100,000, walikuwa wamepatwa na shida hiyo: mara kumi ya hesabu ya mwanzo.

Tafakarini jambo hilo. Palikuwapo mashine za kila namna, na wenye elimu wengi. Lakini ukweli ulijulikana kwa miguu na kwa macho, mtu alipopita chini ya madirisha na kuyahesabu yaliyo meusi.

Kuyaandika majumba

Tangu miaka ile mji wa New York umejitahidi kulijua kila jumba lake. Sheria ya mwaka 2009 iliwalazimisha wenye majumba makubwa, yapitayo mita za mraba 4,600 hivi, kutangaza kila mwaka umeme, gesi, mafuta na mvuke waliotumia. Sheria ya mwaka 2016 ikashusha kipimo hicho hadi nusu yake, na majumba mengi zaidi yakaingia katika daftari. Mwaka 2019 ikatoka sheria nyingine, iliyoweka mipaka ya moshi na hewa chafu itokanayo na majumba makubwa. Mipaka hiyo ilianza kushika mwaka 2024.

Mwaka 2012 Bianca Howard na profesa Vijay Modi wa Chuo Kikuu cha Columbia, pamoja na wenzao, walichora ramani ya New York inayoonyesha kwa makisio kila kiwanja kinatumia nguvu kiasi gani, na kwa kazi gani: kupasha nyumba moto, kupoza, kuchemsha maji, au taa na vyombo. Waliona ya kwamba kinachofaa kuulizwa kwanza ni kazi ya jumba. Shule hula umeme kwa namna ya shule, hospitali kwa namna ya hospitali, wala hospitali hailali.

Mwaka 2016, katika mji wa Boston, ulio kaskazini-mashariki ya New York, profesa Christoph Reinhart na wenzake wa chuo cha MIT walikwenda mbali zaidi. Walitengeneza ndani ya kompyuta mfano wa majengo 83,541 ya mji ule, wakakisia haja ya kila jengo kwa kila saa ya mwaka. Haikuwezekana kuingia katika kila nyumba na kupima kuta zake. Wakafanya kama afanyavyo fundi cherehani mwenye kushona sare za shule kubwa: hapimi kila mtoto, ana vipimo vya namna chache, na kila mtoto hupewa kipimo kinachomkaribia. Hivyo nao waliyapanga majengo kwa kazi yake na umri wake, wakakipa kila kikundi kielelezo chake.

Njia hiyo ina faida kubwa. Mkuu wa mji aweza kuuliza: tukiziba mianya ya madirisha ya nyumba za zamani, haja itapungua kiasi gani mwezi wa Januari? Tukiacha mafuta na kupasha nyumba moto kwa umeme, kilele kitahama kutoka kiangazi kwenda wakati wa baridi? Lakini fundi cherehani ajua pia kwamba sare ya kipimo cha kawaida humbana mmoja na kumpwaya mwingine. Nyumba mbili zilizojengwa mwaka mmoja, kwa tofali moja, zaweza kuwa mbali kabisa: katika moja anakaa bibi mzee peke yake, katika nyingine wanakaa watu tisa.

Taa zilizoahirisha kituo

Hesabu ya mtaa kwa mtaa yaweza kuleta baraka. Katika mitaa ya Brownsville na East New York huko Brooklyn, pamoja na sehemu ya Queens iliyo jirani, ilionekana ya kwamba haja ilikuwa ikikua kupita uwezo wa vituo. Kujenga kituo kipya pamoja na waya zake kungegharimu zaidi ya dola milioni 1,000, na wenye kulipa wangekuwa wateja wenyewe.

Wahesabu wakatazama saa, wakaona ya kwamba kilele cha mitaa ile huja usiku, karibu na saa tatu, watu wakiwa nyumbani. Mwaka 2014 tume ya serikali ya jimbo ikakubali njia nyingine: kutumia dola milioni 200 kupunguza haja kwa megawati 52. Mafundi wakaingia katika maduka madogo na nyumba za kupanga, wakaondoa taa za zamani na kuweka taa zitumiazo umeme mchache. Vyombo vya zamani vikabadilishwa, na betri zikawekwa. Kazi ya kujenga kituo kile ikaahirishwa.

Mitaa hiyo si ya matajiri. Wengi wa wakaaji wake ni watu wa kazi za mikono na jamaa zenye mapato madogo. Mara nyingi mahali kama hapo hupewa yale yaliyobaki. Hapa walijiliwa nyumbani mwao, wakasaidiwa, na mji wote ukafaidika. Jambo hilo halingewezekana kama haja yao ingefichwa ndani ya jumla kubwa.

Makosa ya kukisia kupita kiasi

Mtu asidhani kwamba dawa ni kukisia kingi daima. Upande wa magharibi wa Marekani, katika jimbo la Washington, wakuu wa umeme wa miaka ya 1970 waliona haja ikikua upesi, wakadhani itakua hivyo bila mwisho. Shirika lao likaanza kujenga vituo vitano vya nguvu za atomi. Mwaka 1976 mji wa Seattle ulifanya uchunguzi wake wenyewe juu ya haja ya miaka ijayo, na halmashauri ya mji ikakataa kuingia katika vituo viwili vya mwisho, ikichagua kutumia umeme kwa uangalifu zaidi. Seattle haukukosea. Haja haikukua kama ilivyotazamiwa, na gharama zikapanda. Katika vituo vitano, kimoja tu kilimalizika. Mwaka 1983 shirika lile likashindwa kulipa deni la dola milioni 2,250 za vituo viwili vile, na watu wengi walioweka akiba yao humo wakapata hasara.

Kisio dogo huleta giza, na kisio kubwa huleta deni. Kati ya hayo mawili kuna njia nyembamba, na aipitaye yampasa kuwa na unyofu: asiandike anachotamani, wala anachotaka mkubwa wake kusikia, bali anachokiona.

Asiyeandikwa

Sasa tulirudie neno tulilowaomba kulishika, kwamba kompyuta hujua yaliyoandikwa tu. Mita ya umeme, ambayo wengi wetu huiita kompteri, huandika umeme uliotumika. Haiandiki umeme uliokosekana. Kati ya kutumia na kuhitaji kuna tofauti kubwa, na katika tofauti hiyo watu hufa.

Idara ya afya ya New York imeonyesha ya kwamba wengi wa wale wanaouawa na joto hupatwa nalo nyumbani mwao, katika vyumba visivyo na mashine ya kupoza hewa, au vyenye mashine isiyotumika. Wazee na wagonjwa ndio wa kwanza. Tazameni chumba cha mzee wa namna hiyo kwa jicho la kompteri: umeme mchache, haja ndogo, hakuna shida. Kitazameni kwa jicho la jirani: hapa pana haja kubwa kuliko nyumba zote za ghorofa hiyo. Hesabu ni moja, na maana zake mbili zapingana.

Jumapili, tarehe 21 Julai 2019, joto likiwa kali, waya za kusini-mashariki ya Brooklyn zilielemewa. Con Edison ikawakatia umeme kwa makusudi wateja wapata 33,000, ili vyombo visiharibike na giza lisienee kwa watu wengi zaidi. Huenda palikuwa hapana njia nyingine saa ile. Lakini kila akatapo mtu waya, swali lipo: ni nani walio nyuma ya waya huu? Je, yupo mgonjwa mwenye mashine ya kupumulia? Yupo bibi ghorofa ya sita, ambaye lifti ikisimama hawezi kushuka? Jibu la swali hilo halipatikani saa ya hatari. Lazima liwe limeandikwa mapema, na mtu aliyeujua mtaa.

Na huku kwetu? Nyumba nyingi za miji ya Kongo hazina kompteri na hulipishwa kwa kadirio la jumla. Nyingine hazijafikiwa na waya hata mmoja. Mitaa mingine ina waya, lakini umeme wenyewe huja kwa zamu. Mtu akitaka kukisia haja ya miji yetu kwa kutazama umeme uliotumika mwaka jana, ataandika kwamba haja ni ndogo. Hatakuwa amesema uongo juu ya tarakimu zake, lakini atakuwa amedanganyika juu ya watu. Mwanafunzi asomaye kwa mshumaa, mama auzaye samaki bila barafu, mkunga ashikaye tochi kwa meno, hawa wote hawamo katika daftari lake. Kisha kituo kitajengwa kwa kipimo cha daftari, na siku ya kwanza ya kufunguliwa kwake kitakuwa kimekwisha pungua.

Ndiyo maana twawaambia ninyi wanafunzi: jifunzeni hesabu kwa bidii, maana nchi yahitaji watu wa kukisia haja ya miji yake, na kazi hiyo haifanywi kwa maneno matupu. Lakini jifunzeni pia kupita mtaani na kubisha hodi. Ninyi wazazi, nyumba yenu ikiwa na kompteri, andikeni kila mwezi tarakimu zake; mtajua ni chombo gani kinachowamaliza, na mtakuwa na la kusema kwa haki mkiletewa bili isiyo sawa. Umeme urudipo jioni, msiwashe vyote pamoja. Taa na maji kwanza, pasi ingoje. Na katika jumuiya zenu, ijulikaneni nyumba ya mgonjwa, ya mjane, na ya mzee akaaye peke yake, ili giza likiingia awepo mtu wa kwenda kwao.

Yusufu hakujua majina ya wote watakaokula nafaka yake. Njaa ilipokuja, walimjia hata watu wa Kanaani, ambao hawakuwa Wamisri, na kati yao walikuwamo ndugu zake waliomuuza. Ghala lilikuwa na chakula, wakapewa. Alikuwa amepima kwa akili, naye aligawa kwa moyo. Hatuombi zaidi ya hayo kwa wale watakaotuhesabia umeme wa kesho.